Lebo imeishia kwenye chupa ya maji

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa ami yangu, ana bonde lake nje kidogo ya Chake, Pemba, analima tungule, pilipili hoho na mchicha wa kuuza sokoni. Nikamkuta anajitayarisha kupiga dawa. Akaingia bandani akatoka na chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, karatasi ya kampuni ya maji bado imeganda pale pale, ndani mna kitu kina rangi ya chai iliyolala. Nkamuuliza hichi nini ami, akasema dawa. Dawa gani? Dawa ya wadudu. Inaitwaje? Akanitazama.

"We mtoto, kwani wadudu wanauliza jina?"

Basi. Akafungua, harufu kama ya mafuta ya taa ikanipanda mpaka kichwani. Akapima kwa kifuniko, kimoja, viwili, cha tatu nusu kwa jicho, akatia kwenye bomba la mgongoni la lita 16, akamimina maji na pale pale ikageuka nyeupe pepepe kama maziwa ya ng'ombe. Akafurahi. "Unaona? Hii nzima. Isipogeuka maziwa ujue nshapunjwa."

Sasa mimi kemia nimeisoma kidogo skuli na baadae chuoni, sio mtaalamu wa kutisha mtu, lakini hilo la maziwa nnalijua. Dawa nyingi za aina hii sumu yake haiyayuki kwenye maji, kwa hiyo kiwandani wanaiyayusha kwenye mafuta ya jamii ya petroli, wanachanganya na kitu cha jamii ya sabuni, ndio ukiikutanisha na maji yale mafuta yanatawanyika vitone vidogo vidogo na mwanga ukipiga unaona weupe. Weupe ni wa mafuta na sabuni. Toa sumu yote ubakishe mafuta na sabuni, maziwa utayapata vile vile, na tia sumu mara tatu yake, maziwa ni yale yale. Yani ami anapima, na anapima kila mara bila ya kukosa, ila anachokipima sicho.

Na mimi toka siku hiyo kila nikisoma habari za viwanda vya kemikali na serikali zinazovisimamia nnaona maziwa tu. Nitaeleza kwa nini, na itabidi nizunguke kidogo nje ya Pemba alafu nirudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984, mji wa Bhopal, India, kiwanda cha Union Carbide kilichokuwa kikitengeneza dawa za wadudu (hizi hizi za kupiga mashambani, sio kiwanda cha mabomu) kilivujisha takriban tani 40 za gesi ya methili isosayaneti. Maji yaliingia kwenye tangi ikachemka yenyewe kwa yenyewe. Mtambo wa kulipoza tangi ulikuwa umezimwa, mnara wa kuunguza gesi inayotoroka ulikuwa umekatwa bomba. Serikali ya India kwa mwanzo ilihesabu maiti 2,259, na hesabu zilizokuja baadae zikapanda mbali sana na hapo. Kampuni ikaja kulipa dola milioni 470 mwaka 1989, yakaisha, yani yaliisha kwenye makaratasi.

Kitu ambacho hakisemwi sana kuhusu Bhopal, na mimi ndio kinachonikaa, ni nafasi ya serikali yenyewe. Taasisi za fedha za serikali zilikuwa na hisa kwenye ile kampuni tanzu ya India. Serikali hiyo hiyo ndio iliyotoa leseni. Serikali hiyo hiyo ndio yenye wakaguzi. Na baada ya maafa ikapitisha sheria mwaka 1985 ya kujifanya ndio wakili pekee wa waathirika mahakamani. Kofia nne kichwa kimoja, na aliyekuwa hana kofia hata moja ni yule aliyekuwa kalala nyumbani kwake nyuma ya ukuta wa kiwanda, hajui hata jina la kinachotengenezwa mle ndani, wala madaktari waliompokea asubuhi hawakuambiwa sawa sawa kavuta nini.

Baada ya hapo sekta ya kemikali duniani ikashtuka, sio kwa huruma peke yake, walijua kinachokuja ni sheria. Kanada mwaka 1985 chama cha wenye viwanda vya kemikali kikaanzisha mpango wao wa kujisimamia wenyewe wakauita Responsible Care, na mwaka 1988 wenzao wa Marekani wakauchukua, ukaenea nchi kibao. Maneno yake mazuri sana, ukiyasoma unaweza kulia. Tutatunza mazingira, tutazungumza na majirani, tutaboresha kila mwaka. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa nje wa kwenda kuangalia, wala hapakuwa na adhabu ya maana kwa asiyetimiza, ukijiunga umejiunga unapata nembo.

Mwaka 2000 watafiti wawili, Andrew King na Michael Lenox, wakachukua takwimu za viwanda vya Marekani wakalinganisha waliomo kwenye mpango na wasiokuwemo. Waliokuwemo hawakuwa wakijirekebisha kwa haraka kuliko wasiokuwemo. Kuna dalili hata walikuwa wakienda pole pole zaidi! Maana yake nembo ilikuwa inafanya kazi, ila kazi ya kumficha mchafu nyuma ya mgongo wa msafi. Maziwa. Baadae miaka ya 2000 chama cha Marekani kikalazimisha ukaguzi wa mtu wa nje, na hilo nawapa haki yao, lakini angalia ilibidi wapimwe na watu wengine ndio wakakubali kupimwa.

Lakini jiulize, hao watafiti takwimu walizitoa wapi? Hapa ndipo mimi nnapopapenda. Mwaka 1985, miezi minane hivi baada ya Bhopal, kiwanda chengine cha kampuni ile ile kikavuja kwenye mji mdogo unaoitwa Institute, jimbo la West Virginia, Marekani kwenyewe. Haikuwa Bhopal lakini watu walipelekwa hospitali, na Wamarekani wakauliza swali la maana sana: kwani jirani yangu anatoa nini? Mwaka 1986 ikapita sheria ya haki ya kujua. Haikumwambia mwenye kiwanda apunguze hata kilo moja. Ilimwambia andika kila mwaka umetoa kiasi gani cha kemikali gani hewani, majini na ardhini, tuletee, na sisi tutaweka hadharani kila mtu aone. Basi hilo tu.

Wakubwa wa makampuni wenyewe walikuwa hawajui namba zao, au walikuwa wanazijua vipande vipande. Zilipojumlishwa zilitisha. Mkuu wa Monsanto, kampuni kubwa ya kemikali ya Marekani, wakati huo Richard Mahoney, mwaka 1988 hata magazeti hayajaanza kuchapisha vizuri akatoka akatangaza kuwa watapunguza uchafu wa hewani kwa asilimia 90 mpaka mwisho wa 1992. Monsanto! Kampuni ambayo hakuna mtu alowahi kuituhumu kuwa ina aibu. Hakuna hakimu aliyewalazimisha, namba tu, namba ambayo mke wa jirani anaweza kuisoma.

Alafu mwaka 1991 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaleta mpango wa hiari kwa kemikali 17, punguzeni asilimia 33 mpaka 1992 na 50 mpaka 1995, na lengo la 50 likafikiwa 1994, mwaka mmoja kabla. Watu wakapiga makofi. Ukitazama vizuri lakini hesabu ilikuwa imeanzia 1988 na mpango wenyewe ukatangazwa 1991, kwa hiyo sehemu ya punguzo ilikuwa ishatokea kabla hata barua za mwaliko hazijatumwa. Sisemi ilikuwa uongo. Nasema hata kipimo kizuri kina mahali pa kutia maziwa kidogo ukiwa mjanja, na hawa jamaa wajanja.

Wazungu wa Ulaya wao walikwenda njia nyengine. Sheria yao ya kemikali, REACH, ilianza kazi tarehe 1 Juni 2007, ofisi yake iko Helsinki, na msingi wake ni maneno manne tu: hakuna data, hakuna soko. Yani wewe unayetaka kuuza ndio uthibitishe kuwa kitu chako kinatumika kwa usalama, sio serikali ikukimbize kuthibitisha kuwa ni sumu. Linganisha na Marekani ambako sheria ya kemikali ya 1976 ilizikuta kemikali kama 62,000 ziko sokoni ikaziambia kaeni tu, nyinyi ni wenyeji, na mamlaka ilipojaribu kupiga marufuku asbesto mwaka 1989 mahakama ikaja kuitupa sehemu kubwa ya marufuku hiyo 1991 kwa kuwa serikali haikuthibitisha vya kutosha. Asbesto yakhe, kitu ambacho dunia nzima inajua kinaua mapafu. Kama asbesto haithibitiki, kitathibitika kitu gani? Ile sheria ikaja kurekebishwa 2016, miaka arubaini baadae.

Ila na REACH nayo usiiabudu. Makampuni ndio yanayoandika mafaili, na kwa sheria ya mwanzo wakaguzi walitakiwa wayafungue na kuyachunguza angalau asilimia 5 tu. Ikaonekana mafaili mengi yana mapengo, wakapandisha ikawa 20. Mwanafunzi akijua mwalimu anasahihisha daftari moja katika ishirini, nyinyi wenyewe mmesoma skuli mnajua kinachofuata.

Sasa tusogee kwetu, na kabla ya kufika kuna kituo kimoja njiani ambacho lazima tushuke.

Parakwati ni dawa ya kuua majani. Uswisi iliipiga marufuku 1989, Umoja wa Ulaya 2007. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa ikitengenezwa Huddersfield, Uingereza, kwa ajili ya kuuzwa nje, yani kwa nchi kama zetu. Mwenye kiwanda hakuwa akivunja sheria yoyote ya kwao. Ufaransa angalau ilikataa mchezo huu, kuanzia 2022 sheria yao inakataza kutengeneza na kupeleka nje dawa ambazo Ulaya imezikataza kwa sababu ya afya au mazingira, na makampuni yalikwenda mpaka Baraza la Katiba kuipinga na mwaka 2020 yakashindwa. Kuna mkataba wa Rotterdam wa 1998 unaosema kemikali hatari ikisafirishwa nchi inayopokea iambiwe kwanza na iwe na haki ya kukataa. Mzuri, tena mzuri sana. Lakini kuingiza kemikali kwenye ile orodha yake inataka nchi zote zikubaliane, ikitoka nchi moja au mbili zikasema hapana basi imekwama, na parakwati imekwama hapo miaka nenda miaka rudi. Hawakatai kupigwa marufuku, maana orodha yenyewe haipigi marufuku kitu. Wanakataa kuandikwa tu. Wanajua thamani ya kuandikwa kuliko tunavyoijua sisi.

Haya, Pemba.

Watu wanadhani sisi na viwanda vya kemikali ni mbali mbali kama ardhi na mbingu. Si kweli. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 vanilini, ile harufu ya vanila kwenye keki na biskuti za Ulaya, ilikuwa ikitengenezwa kwa yujinoli, na yujinoli ilikuwa ikitoka kwenye mafuta ya karafuu. Miaka ya 1930 wakagundua kuitengeneza kwa taka za viwanda vya karatasi, soko likatukimbia. Na mpaka leo ukipita Wawi kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kipo, mvuke unapitishwa kwenye makonyo, unapoa, na mafuta ya karafuu kwa kuwa ni mazito kuliko maji yanazama chini badala ya kuelea kama mafuta mengine. Hicho ni kiwanda cha kemikali mwanangu, hata kama kinanukia vizuri. Mimi sina la kukilaumu. Nnachosema ni kuwa kujua kinatumia nini, kinatoa maji kiasi gani na ya namna gani, ingekuwa kitu cha kubandikwa ukutani kama vile inavyobandikwa bei ya karafuu kila mchumo, na jirani akapita akasoma. Ni cha serikali, basi ndio ingekuwa rahisi zaidi kuanzia hapo, maana kofia zote ziko nyumba moja.

Kwenye sheria hatuko uchi. Mazingira sio jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Mkemia Mkuu wa Serikali tunaye wetu. Viwango tunayo ZBS. Kilimo wana watu wao wa ulinzi wa mimea. Wakati huo huo leseni za viwanda zimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya 1977, kwa hiyo kiwanda kimoja kinaweza kuwa na mguu mmoja Dodoma na mmoja Unguja, na ukiuliza nani anasimamia nini utapata chai nzuri na kiti cha kukalia na utaondoka na namba ya simu ya ofisi nyengine. Hili silisemi kwa ubaya. Waliomo wengi ni watu wazuri, wachache, gari moja, mafuta ya gari hakuna.

Na tukitaka tunaweza, tusijidharau. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku 2006, Bara wakaja kutufuata 2019. Lakini mfuko unaonekana, umening'inia mkononi mwa mtu, askari anauona toka mbali. Sumu ndani ya chupa ya maji nani anaiona?

Mfano unaonipa moyo ni wa mbu. Wazee hapa wanakumbuka wapiga DDT wa miaka ya 60, walivyokuwa wakiingia na mabomba yao vyombo vinatolewa nje kuku wanafungiwa. Miaka ya 2000 kampeni ya malaria ikarudi kupiga majumbani kwa dawa nyengine, za jamii ya pairethroidi, malaria ikashuka vibaya sana. Alafu ikaja kuonekana mbu wa Pemba washaanza kuizoea. Ilijulikanaje? Mbu wanakamatwa, wanatiwa kwenye kitube kilichotandikwa karatasi yenye dawa ya kipimo maalum, wanakaa saa moja, wanahamishiwa kitube kisafi, na baada ya masaa 24 mtu anakaa anahesabu wangapi wafu wangapi wazima. Basi. Mtu, kitube, na hesabu. Wazima wakawa wengi kuliko inavyotakiwa, wakabadilisha dawa wakahamia jamii nyengine. Hapakuwa na semina ya wadau wala tamko. Namba ilisema na kazi ikabadilika.

Kwenye tungule hakuna anayehesabu hivyo. Ami anapiga Jumamosi, Jumatatu au Jumanne anachuma, Jumatano ziko sokoni na Alkhamisi ziko kwenye mchuzi wangu. Dawa halisi kwenye chupa yake halisi ina lebo, na lebo ile usiione kikaratasi, ndio sheria yenyewe imefungwa kwenye chupa: jina la sumu, kipimo, mstari wa rangi chini kuonyesha ukali, nyekundu ndio balaa, ikifuatiwa na manjano, buluu na kijani, mavazi ya kuvaa, siku ngapi ungoje baada ya kupiga ndio uchume, na ukimeza daktari aambiwe nini. Kila kitu nilichokieleza huko juu, Bhopal na REACH na Rotterdam na wale mawakili wote, kikija mpaka kwetu kinakuja kwa umbo la ile karatasi. Na dukani, kwa kuwa lita nzima hakuna mkulima wa bondeni anayeweza kuinunua, mwenye duka anaimimina kwenye vichupa vya maji, anauza nusu, anauza robo, na lebo inabaki dukani kwenye dumu tupu. Miaka arubaini ya dunia kupigana na makampuni ili waandike, inakatika pale pale kwenye faneli.

Mwenye duka nae usimtukane haraka. Anauza anachoweza mtu kununua. Kiwanda kingetengeneza vichupa vya mililita 50 vyenye lebo ya Kiswahili kinaweza, sabuni za unga wanazifunga mpaka za mia mbili sembuse dawa. Lakini kifungashio kidogo kina gharama, na hakuna anayewalazimisha.

Kisha kuna bandari bubu. Pemba ukiitazama kwenye ramani ni kama kitambaa kilicholiwa na panya, ghuba kila mahali, mikoko kila mahali, na jahazi likitoka Tanga usiku asubuhi lishateremsha mzigo lishaondoka. Lakini hebu tukumbuke kitu. Serikali yetu hii hii, kwa karafuu, inajua. Gunia likijaribu kutoka kwenda Mombasa inajua, KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, wako baharini, sheha anaulizwa, mpaka nani kaanika jamvi gani watu wanajua. Toka tuzaliwe tumejengwa kulinda karafuu isitoke. Uwezo wa kujua kinachopita pwani upo, umezoezwa kwa miaka, ila umeelekezwa upande mmoja, wa kinachotoka, kwa sababu kinachotoka kina pesa ya serikali ndani yake. Kinachoingia kina pesa ya mtu mwengine na maumivu ya mtu mwengine.

Na atakayesema haya ni mambo ya nchi kubwa zenye viwanda vingi, amtazame jirani ng'ambo ya maji hapo Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, risasi, yale madini ya kwenye betri, ikaingia hewani, majini, kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo na mtoto wake akaumwa, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na wakulipa hakuwa mwenye kiwanda peke yake, serikali na mamlaka yake ya mazingira nao walibebeshwa. Rufaa ikapindua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Disemba 2024. Ukihesabu toka kiwanda kianze mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi na saba, mtoto alozaliwa siku tanuri linawashwa keshaota ndevu. Mkaguzi mwenye mashine ya kupima risasi kwenye vumbi angeimaliza kesi hii asubuhi moja mwaka 2007 kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo mimi sidai sheria mpya, tunazo. Nataka orodha. Kila dawa iliyoruhusiwa kuingia Zanzibar, jina lake, kaingiza nani, lita ngapi mwaka huu, iko wapi kwenye ule mstari wa rangi, iandikwe kwa Kiswahili ibandikwe kwa sheha na isomwe redioni kama wanavyosoma vifo. Na tungule kadhaa zichukuliwe sokoni kila mwezi bila ya kumwambia mtu, zipelekwe kwa Mkemia, na majibu yatoke kwa jina la soko na tarehe. Ikitoka safi, alhamdulillahi, tutakula kwa raha. Ikitoka chafu, mwenye duka, muingizaji na mtengenezaji watajua wenyewe pa kukimbilia, kama yule bwana wa Monsanto alivyojua. Najua kuna watakaosema itaharibu soko la mkulima mnyonge. Mkulima mnyonge ndio wa kwanza kuivuta, nimemuona, kilemba kafunga puani badala ya barakoa na upepo ulipogeuka akatema mate akaendelea.

Nilikaa mpaka alipomaliza. Akaosha bomba mtoni (sikusema kitu, ningesema nini), chupa akairudisha bandani akaiweka dirishani kati ya chumvi na kiberiti. Nkamwambia ami basi angalau tuandike kitu juu yake, nkatoa kalamu, nkakwama, maana sijui jina. Nkaandika SUMU kwa herufi kubwa juu ya ile karatasi ya maji na mkono wangu ukabaki unanuka mafuta ya taa mpaka usiku.

Wakati nnatoka akanifuata mpaka njiani na mfuko wa tungule, akanitia mkononi, na elfu kumi juu yake.

"Ukipita Chake nichukulie nyengine. Ile ile inayogeuka maziwa. Sio ile ya manjano, ile ya manjano inauma macho."